Moshi wa bluu: gaidi za valvu, sili au ringi? Namna ya kuamua kabla injini haijafunguliwa

Nilikuwa nashuka Kitonga, mdogo wangu yuko nyuma na gari lake. Tuliposimama Ruaha Mbuyuni kununua vitunguu akaja dirishani anacheka: "Kaka, kule chini ulikuwa unafukiza mbu?" Alisema mteremko mzima gari lilikuwa safi, ila nilipokanyaga mafuta barabara iliponyooka, likatoka wingu la bluu akashindwa kuniona.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuuliza kitu. Alipitisha kidole ndani ya bomba la moshi, akakiangalia, akasema, "Ringi hizi, bosi." Injini ikashushwa, pistoni zikatolewa, ringi mpya zikaingia, nikalipa. Safari iliyofuata nikashuka Kitonga tena na wingu likawa lile lile.

Wa pili alikuwa mzee, mikono yake imeshika weusi wa oili usiotoka tena kwa sabuni. Hakugusa bomba. Aliniuliza, "Mwanangu, moshi wako unatoka saa ngapi?" Nikamwambia sijaelewa. Akarudia: asubuhi ukiwasha, ukiwa kwenye foleni, ukipanda mlima, au ukishuka? Hapo ndipo nilipojua kwamba fedha ya ringi nilikuwa nimeitupa.

Swali lake ndilo ninalolitumia hapa kulinganisha watuhumiwa watatu wanaochanganywa kila siku gereji. Mfano wangu utakuwa injini ya 1NZ-FE ya Toyota, ile iliyomo kwenye IST, Probox na ndugu zao, kwa sababu ipo kila kona na vipimo vyake ninavijua.

Nani ni nani

Gereji neno ni gaidi, na usishtuke: hili ni la ngeli ya injini, halina bunduki. Gaidi ya valvu ni kibomba kifupi cha chuma au bronzi kilichobanwa ndani ya silinda hedi, kile kipande cha juu cha injini kinachobeba valvu. Fimbo ya valvu inapanda na kushuka humo maelfu ya mara kwa dakika ukiwa barabarani. Kazi yake ni kuiweka valvu katikati ya kikalio chake ili ifunge sawasawa, na pia kuipoza: takribani robo ya joto la valvu hutoka kupitia fimbo na gaidi, lililobaki hutokea kwenye kikalio.

Juu ya gaidi kuna sili, kofia ndogo ya mpira yenye springi nyembamba, inayozuia oili ya huko juu isiteremke kwenye fimbo. Mpira huu hukauka na kuwa mgumu kama kucha. Gari lililochemka mara mbili tatu, au linalotembea kwa maji ya bomba bila kulenti, huzikausha mapema.

Ringi ziko chini kabisa, kwenye pistoni. Zile za juu zinazuia mlipuko usipenye kwenda kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, na ya chini inakwangua oili ukutani mwa silinda.

Kwa hiyo oili ina njia mbili za kuingia kuungua: kutoka juu kupitia sili na gaidi, au kutoka chini kupitia ringi. Njia ya juu inataka kufunguliwa kifuniko cha tapeti, au hedi ikibidi. Njia ya chini ni kushusha injini. Ukikosea hapo umelipia kazi kubwa kwa ugonjwa mdogo, kama mimi.

Saa ya moshi

| | Gaidi zimelika | Sili zimekauka | Ringi zimechoka |
|---|---|---|---|
| Asubuhi ukiwasha | Wingu, hupungua polepole | Wingu fupi, kisha kweupe | Kidogo, huendelea |
| Foleni ndefu, kisha resi | Wingu | Wingu | Tofauti si kubwa |
| Kupanda mlima na mzigo | Kidogo | Kidogo au hakuna | Mfululizo |
| Kushuka kwa gia, kisha kukanyaga | Wingu zito | Wingu | Huweza kuwepo |
| Kifuniko cha oili kikifunguliwa | Pumzi ya kawaida | Pumzi ya kawaida | Inapuliza |
| Kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) | Nzuri, au chini valvu isipokaa | Nzuri | Chini. Hupanda ukitia oili |

Sababu ya tofauti hizi iko kwenye uvutaji wa hewa. Injini ya petroli ikiwa silensa, inanguruma tu bila kukanyagwa, mlango wa hewa umefungwa na pistoni zinavuta bila kupata kitu. Ndani ya manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, panakuwa na mvuto mkali. Fimbo ya valvu ya hewa upande wa chini iko kwenye mvuto huo, upande wa juu imeloa oili. Pakiwa na upenyo, oili inafyonzwa kama chai kwenye mrija. Ukishuka mlima kwa gia ya chini na mguu hauko kwenye mafuta, mvuto unazidi hata ule wa silensa. Oili inajikusanya, na ukikanyaga tu inaungua yote kwa mpigo. Ndiyo wingu la Kitonga. Ukipanda mlima umekanyaga hadi chini, mlango uko wazi, mvuto karibu haupo, na gaidi hazifyonzi. Huko ringi ndizo zinazopata shida, maana msukumo wa mlipuko ni mkubwa.

Ila mstari wa kushuka usiuamini peke yake. Mvuto ule ule unafika ndani ya silinda, na ringi ya oili iliyojaa masizi inaweza kuachia oili ipande kutoka chini nawe ukaona wingu linalofanana. Ndiyo maana fundi anayetaja ugonjwa kwa kuona moshi mara moja namwogopa, hata akipatia. Saa ya moshi inakuambia uanzie wapi kupima. Kufungua ni baadaye.

Dizeli usiipime kwa jedwali hili. Injini nyingi za dizeli za zamani, kama 3L ya Hiace, hazina mlango wa hewa unaofungwa, kwa hiyo hakuna mvuto wa kuzungumzia ukishuka mlima. Kwenye dizeli gaidi mbovu huonekana zaidi asubuhi, oili ikiwa imechuruzika usiku. Na ukiwa na turbo, sili za turbo zenyewe ni mtuhumiwa wa nne mwenye moshi wa rangi hiyo hiyo.

Vipimo visivyofungua kitu

Anza na cha bei ndogo kuliko vyote: valvu ya pumzi, ile inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi, mafundi wanaiita PCV. Ikiziba au ikiganda wazi, injini inakula oili bila gaidi wala ringi kuwa na kosa. Itoe, itikise, ikikaa kimya haichezi, badilisha kwanza. Hapo hapo tazama kijiti cha oili isije ikawa umejaziwa kupita alama. Watu wamefunguliwa injini kwa mambo haya mawili.

Kisha liache gari lilale mahali pakavu. Asubuhi mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma ya bomba. Wingu la sekunde chache linalokatika ni la juu: oili imedondoka usiku kupitia fimbo na kukaa mgongoni mwa valvu. Acha injini ipate moto, iwe silensa kwa robo saa, halafu piga resi. Kama ni gaidi au sili utaona jibu kabla hujaachia pedali.

Plagi nazo zinasema, ukizisoma pamoja. Plagi iliyoloa oili upande mmoja tu, ule unaoelekea valvu ya hewa, inaelekeza juu. Plagi iliyoloa kote kwenye silinda moja, na silinda hiyo kompresheni iko chini, inaelekeza kwenye ringi.

Kompresheni ndiyo hakimu ninayemheshimu zaidi. Kwa 1NZ-FE kiwango ni kilopaskali 1,471, yaani psi 213 hivi. Kima cha chini ni 1,078, psi 156, na silinda zisipishane zaidi ya 98, ambazo ni psi 14. Pima kavu kwanza, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, mafuta yamekanyagwa hadi mwisho. Silinda ikiwa chini, tia oili kijiko kimoja kikubwa kupitia tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana, oili imeziba mwanya wa ringi, kwa hiyo ringi ndizo. Isipopanda, angalia valvu. Na kama zote nne ziko juu na zinakaribiana huku gari linafuka, usikubali mtu ashushe injini kabla njia ya juu haijakaguliwa. Mimi sikupimiwa. Mzee aliponipimia baadaye alitikisa kichwa tu, maana ringi mpya zisizohitajika zilikuwa zinasoma vizuri sana.

Geji ya mvuto haina umaarufu huku kwetu, na ni hasara, kwa sababu ni rahisi na inaona gaidi bila kufungua. Unaichomeka kwenye mpira wa manifoldi, injini ikiwa silensa. Usawa wa bahari, Dar au Mombasa, injini nzima husoma kati ya inchi 17 na 21 za zebaki, na mshale umetulia. Ukipanda juu, toa kama inchi moja kwa kila mita 300. Mbeya au Nairobi injini nzima itasoma pungufu kwa inchi tano hadi sita, na fundi asiyejua hilo atakuambia injini imechoka. Unachotazama ni tabia ya mshale. Ukitetemeka haraka haraka kama inchi tatu hivi kwenye silensa, kisha ukatulia ukiongeza resi, gaidi zinacheza. Ukizidi kuyumba kadiri resi inavyopanda, tazama springi za valvu. Kwa sili peke yake mshale hausemi kitu.

Mashine ya kompyuta? Haina sensa ya gaidi. Itakuonyesha silinda inakosa moto, au sensa ya oksijeni inalalamika, na ukibadilisha sensa hiyo umetibu shahidi. Oili inayoungua huziba masega pia, lile chujio la moshi kwenye bomba, hivyo taa ya injini inaweza kuwaka kwa ajili ya masega wakati kosa liko juu yake.

Gaidi au sili?

Kati ya juu na chini vipimo hivyo mara nyingi vinatosha. Kazi ngumu ni kutenganisha gaidi na sili, kwa sababu moshi wao ni mapacha. Sili ni kazi ya siku moja kwa fundi mzuri, hedi ikiwa mahali pake. Gaidi ni kuvua hedi, na kwenye 1NZ-FE hiyo ina maana ya kufungua kava la cheni ya taimingi, gasketi mpya na bolti za hedi zenye utaratibu wa kukazwa kwa digrii.

Ushauri wangu: kama kompresheni ni nzuri, anza na sili, lakini mwambie fundi asizivalishe kabla hujaona valvu ikitikiswa. Kamshafti, zile shafti zinazofungua valvu, zikishatoka na pistoni ya silinda hiyo ikiwa juu kabisa, springi hutolewa moja moja, na valvu haiwezi kuangukia ndani kwa sababu pistoni inaidaka. Wengine hutia upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi, wengine hujaza kamba laini. Vyote vinafaa, ila ukitia upepo uachiwe kwanza ndipo valvu itikiswe. Fimbo inabaki wazi mbele yako. Ishike kwa vidole viwili, isukume kwa urefu wa injini na kwa upana wake, yaani pande nne. Ikiwa nzuri, hupati kitu isipokuwa utelezi wa oili. Ikiwa imelika, utasikia "tik" ndogo mkononi kabla hujaisikia masikioni.

Kile kidole kinachotafuta ni kidogo sana. Fimbo ya valvu ya hewa ya 1NZ-FE ina unene wa milimita 4.970 hadi 4.985, na gaidi ina uwazi wa 5.010 hadi 5.030. Nafasi kati yao ikiwa mpya ni 0.025 hadi 0.060 kwa valvu ya hewa, 0.030 hadi 0.065 kwa egzosi, na mwisho wa uvumilivu ni 0.08 na 0.10. Unywele wa kichwani una unene wa karibu 0.07. Kwa hiyo kati ya gaidi nzima na iliyokufa hakuna hata nafasi ya unywele mmoja. Kidole kinaweza kukataa, yaani kikisikia mchezo mkubwa amini, lakini kidole hakiwezi kuthibitisha uzima. Hedi ikishakuwa mezani, dai geji ya saa, ile yenye mshale kama wa saa: valvu inainuliwa kama milimita 10 kutoka kwenye kikalio, geji inagusishwa ukingoni mwa kichwa chake, valvu inasukumwa huku na huku. Na gaidi ipimwe juu, katikati na chini, kwa sababu hulika midomo yote miwili na kupanuka kama tarumbeta, katikati ikabaki nzima. Anayepima katikati tu atakuambia haina shida.

Kuna ujanja mwingine usio na geji: chukua valvu mpya, iingize kwenye gaidi ya zamani. Mchezo ukiisha, fimbo ndiyo iliyolika na gaidi iachwe. Ukibaki, gaidi ni yenyewe.

Sili mpya juu ya gaidi iliyolika hufanya gari liwe safi mwezi, miezi miwili, kisha fimbo inayoyumba huikwangua sili mpaka tundu lake linakuwa yai. Mtu huyo atasema amenunuliwa sili feki. Mara nyingine ni kweli, lakini si mara zote.

Umri wa injini na tabia ya kila moja

Kuna injini ambazo jina lake tu linabadilisha mahali pa kuanzia. 2AZ-FE, iliyomo kwenye Harrier, Alphard na RAV4 za kipindi fulani, inajulikana kwa ringi na pistoni. Toyota Marekani iliongeza dhamana kwa baadhi ya magari yenye injini hiyo kwa sababu ya ulaji wa oili. Hiyo ukiiona inafuka, pima kompresheni na ringi kwanza hata kama moshi unakuja asubuhi. BMW yenye N62 ikitoa wingu baada ya kusimama kwenye taa, mwenye nayo asianze kuogopa pistoni. Sili za valvu ndizo zilizoipa sifa.

Ukishajua ni gaidi: tengeneza vipi?

Njia ya kwanza na ya kishamba ni oili nzito. Kutoka 5W-30 kwenda 15W-40 hupunguza moshi, na kwa gari unalotaka kulifikisha mwisho wa msimu wa mavuno sikulaumu. Lakini 1NZ-FE ina VVT-i, mtambo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, inayofanya kazi kwa oili kupita kwenye vijitundu vyembamba, na cheni inakazwa kwa presha ya oili hiyo; nzito sana inaichelewesha asubuhi ya baridi. Dawa za chupa zinazosema zinazuia moshi hulainisha na kuvimbisha mpira wa sili. Zinaweza kusaidia sili. Chuma kilicholika hazikirudishi.

Njia ya pili ni kuipiga gaidi nyuzi: kifaa kinazungushwa ndani, kinachora mfereji na kuinua kingo za chuma, kisha panasafishwa kwa rima, kekee ya kusawazisha tundu, hadi kipimo. Bei ndogo, na mifereji hushika oili kidogo ya kulainisha. Ila fimbo inakuwa inategemea ncha za vilima tu, na hazichukui muda kulika. Kwa gaidi ngumu za kisasa zilizotengenezwa kwa unga wa chuma haifai kabisa.

Ya tatu ni kuivalisha gaidi shati la bronzi jembamba. Gaidi inatobolewa kidogo zaidi, shati linasukumwa ndani, linapanuliwa na kupigwa rima. Nikipata mchongaji wa hedi mwenye vifaa vyake, hii ndiyo ninayoichagua kwa hedi ya alumini ya zamani, kwa sababu gaidi ya awali haing'olewi na tundu la hedi haliumizwi.

Ya nne, gaidi mpya. Hedi inapashwa moto hadi nyuzijoto 80 au 100, ya zamani inatolewa kwa kugongwa, mpya inaingia hedi ikiwa ya moto. Toyota hutoa pia gaidi yenye unene wa nje uliozidi 0.05 kwa hedi ambayo tundu limepanuka. Anayegonga hedi baridi kwa nyundo na bolti anapasua hedi yako. Ukiona jiko halipo, ondoka na hedi yako mkononi. Na baada ya gaidi mpya kikalio lazima kichongwe upya, sababu kitovu kimehama. Kusaga valvu kwa mkono na unga peke yake hakutoshi hapo. Ni swali moja ninalomuuliza mchongaji kabla ya bei: "Na vikalio unachonga?" Akisema havihitaji, nimepata jibu.

Ya tano ni hedi ya mtumba, Gerezani ukiwa Dar au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi. Haraka, na mara nyingi bei inakaribia ya kuchonga. Tatizo ni kwamba nayo ilitembea na gaidi zake. Nenda na kibanio cha springi, au muombe muuzaji atoe valvu mbili za egzosi hapo hapo, maana egzosi ndizo zinazolika kwanza kwa joto. Akikataa kutoa, usinunue. Injini nzima ya mtumba naifikiria pale tu juu na chini vyote vimeanguka kipimo, na kumbuka kadi ya gari imeandikwa namba ya injini, kwa hiyo mabadiliko yapelekwe TRA.

Yangu iliishia njia ya nne kwa valvu za egzosi, na sili mpya zote 16. Mzee alinipa gaidi za zamani kwenye mfuko wa plastiki bila kuombwa. Nilizichungulia kwenye mwanga: midomo ya chini ilikuwa imepanuka waziwazi, na upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwombe fundi wako mfuko huo siku ya kuchukua gari, kisha tazama kijiti cha oili kila baada ya kilomita 500 mpaka ufike 2,000, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa.